Nchi isiyoweza kukagua meli isikodishe bendera yake

JULAI 2012 ulikuwa mwezi mzito kwa majirani zetu wa Zanzibar. Tarehe 18 ya mwezi huo meli ya abiria iitwayo MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe na kuua makumi ya watu. Haukuwa umetimia mwaka tangu MV Spice Islander I izame usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, upande wa Nungwi, ikielekea Pemba. Siku chache baada ya Skagit kuzama, waziri wa Zanzibar aliyekuwa na dhamana ya miundombinu, Hamad Masoud, alijiuzulu.

Wakati maiti wakiendelea kuopolewa, serikali hiyo hiyo ilikuwa na kesi nyingine mezani. Mwishoni mwa Juni mjumbe wa Bunge la Marekani, Howard Berman, alikuwa amemwandikia barua Rais Jakaya Kikwete akilalamika kwamba meli za mafuta za Iran zimebadilishwa majina na kupewa bendera ya Tanzania ili zikwepe vikwazo. Yakatoka makanusho kwanza. Kisha Tanzania ikaomba Marekani na Umoja wa Ulaya zisaidie kuchunguza asili ya meli hizo. Agosti ukweli ukajulikana: meli 36 za Iran zilikuwa zimeandikishwa katika daftari la Zanzibar, na aliyeziandikisha ni wakala aliyekuwa na ofisi Dubai. Zikaanza kufutwa na mkataba wa wakala ukavunjwa.

Wengi walizisoma kama habari mbili. Moja ikaitwa ajali, nyingine ikaitwa siasa za kimataifa. Mimi naziona ni habari moja. Serikali iliyoshindwa kuhesabu abiria wanaopanda meli kwenye gati lake yenyewe ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikiuhakikishia ulimwengu kwamba inazijua na kuzisimamia meli za mafuta zilizokuwa maelfu ya kilomita kutoka bandari ya Malindi.

Naliandika jambo hili nikiwa Kampala, mbali na maji ya chumvi, na nina sababu. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 na mafuta yake kuwekewa vikwazo, biashara ya kuuza bendera za meli imechangamka upya. Wanaotafuta bendera hawachagui tena nchi zenye pwani tu. Mongolia, ambayo haijui bahari ilipo, ilifungua daftari lake la meli mwaka 2003, ofisi ikiwa Singapore. Kwa hiyo lisemwalo kuhusu Zanzibar linatuhusu na sisi tusio na bahari, na nitafika huko.

Kwanza tuelewane bendera ya meli ni nini. Meli ikiwa katikati ya bahari kuu haipo katika nchi yoyote. Hakuna polisi wa kuipandia, hakuna mahakama, hakuna afisa wa kazi wa kuuliza kama mabaharia wamelipwa. Sheria ya kimataifa iliondoa tatizo hilo kwa kuipa meli uraia. Nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake ndiyo serikali ya meli hiyo popote iendapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, kifungu cha 91, unasema lazima pawepo uhusiano wa kweli kati ya nchi na meli. Kifungu cha 94 kinataja kazi za mwenye bendera: kuhakikisha chombo ni salama, nahodha na mabaharia wake wana sifa, masharti ya kazi yao ni ya haki, na ajali kubwa zinachunguzwa.

Ule "uhusiano wa kweli" haujapata tafsiri mpaka leo. Mwaka 1986 ulitungwa mkataba wa kuufafanua, lakini haukupata nchi za kutosha kuuridhia na haujaanza kutumika. Wenye meli wakubwa hawakuupenda, na wana sababu zao za tangu zamani. Miaka ya 1920 kampuni za Kimarekani zilianza kuhamishia meli zao Panama, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba kwao pombe ilikuwa imepigwa marufuku na abiria walitaka kunywa. Mwaka 1948 Liberia nayo ikafungua mlango. Leo Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall ndizo zenye tani nyingi zaidi za meli duniani, ilhali wenye meli hizo wako Ugiriki, Japani, China na Ujerumani.

Nisimwonee mtu. Daftari la wazi, yaani lile linalopokea meli za wageni, si wizi kwa asili yake. Meli za Liberia kwa jumla hukaguliwa, na mabandari ya Ulaya huzipokea bila mashaka makubwa. Ila daftari hilo huendeshwa kutoka jimbo la Virginia, Marekani, na wala hali hiyo haikuiokoa Liberia yenyewe: mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba sehemu ya fedha za meli wakati wa Charles Taylor ilipitishwa njia za panya kulipia silaha. Yaani hata pale ambapo meli zilikaguliwa vizuri, hakuwepo wa kukagua fedha.

Sasa chukua nchi ndogo isiyo na wakaguzi wa kutosha inayotaka kuingia katika biashara hiyo. Itapata wateja gani? Mwenye meli nzuri ana pa kwenda. Atakayekuja kwako ni yule aliyekataliwa kwingine, mwenye meli ya miaka 35, au mwenye shehena asiyotaka iulizwe. Nchi za Ulaya na Kanada zina makubaliano yaitwayo ya Paris, ambayo kila mwaka huzipanga bendera kwa kuangalia meli zake ngapi zimezuiliwa bandarini kwa ubovu. Ukiingia orodha nyeusi, kila meli yako itasimamishwa na kupekuliwa mara nyingi zaidi. Kwa mfanyabiashara safi kusimamishwa siku tatu ni hasara, hivyo anaondoka. Wanabaki wale wale. Mwaka unaofuata orodha inakuwa mbaya zaidi. Tanzania iliingia orodha hiyo nyeusi na kukaa humo miaka mingi.

Tazama kilichofuata baada ya zile meli za Iran kufutwa. Septemba 2013 meli iitwayo Gold Star ilifuatwa katika bahari ya Mediterania ikiwa na shehena kubwa ya bangi. Mabaharia wakaichoma moto na kujitosa majini. Aprili 2015 boti kubwa ya kuvuta meli, Hamal, ilikamatwa katika Bahari ya Kaskazini na kupelekwa Aberdeen, Scotland, ikiwa na zaidi ya tani 3 za kokeini. Mwishoni mwa Desemba 2017 ikanaswa Kaluba karibu na Jamhuri ya Dominika, nayo na dawa za kulevya. Haikupita wiki mbili Wagiriki wakaisimamisha Andromeda ikiwa na vifaa vya kutengenezea milipuko, safari ikiwa ya Libya. Zote zilikuwa na bendera ya Tanzania. Hakuna hata moja iliyokuwa njiani kwenda Unguja.

Januari 2018 Rais John Magufuli alisimamisha usajili wa meli za nje na kuagiza meli zipatazo 470 zilizokwisha sajiliwa zichunguzwe. Aliyetangaza kufutwa kwa Kaluba na Andromeda ni Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, mwenyewe mzaliwa wa Zanzibar. Hatua ilikuwa sahihi, ila ilikuja miaka mitano na zaidi baada ya barua ya Berman. Katika muda huo wote wakala mmoja alikuwa amefukuzwa, lakini mfumo uliomzaa ulibaki palepale, na hata baada ya amri ya Magufuli daftari halikufungwa moja kwa moja.

Mfumo wenyewe una kasoro ambayo Watanzania wenzetu hawapendi kuizungumza kwa sauti. Nchi yao ina madaftari mawili. La Bara ni kwa ajili ya vyombo vya wenyeji. La Zanzibar, chini ya sheria yake ya usafiri wa baharini ya mwaka 2006, ndilo linalopokea meli za kimataifa. Ada zinaingia Zanzibar. Lakini mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) ni Jamhuri ya Muungano, iliyoridhia mikataba ni Jamhuri ya Muungano, na anayeulizwa meli ikikamatwa ni Waziri wa Mambo ya Nje aliyeko Bara. Anayepata ada hakujibu maswali, na anayejibu maswali hakupata ada. Mwaka 2012 marehemu Bernard Membe ndiye aliyelazimika kuueleza ulimwengu kuhusu meli ambazo wizara yake haikuzisajili. Ukipanga nyumba yako namna hiyo usishangae moto ukianza jikoni na kila mtu akasema jiko si lake.

Nchi nyingine zilipoungua zilitoka mbio. Ufalme wa Tonga ulikuwa na daftari lililokuwa likiendeshwa kutoka Ugiriki. Januari 2002 Israeli iliikamata katika Bahari ya Shamu meli Karine A ikiwa na tani zipatazo 50 za silaha, nayo ilikuwa imesajiliwa Tonga. Kabla mwaka haujaisha Tonga ilikuwa imeamua kufunga.

Kuna na balaa jingine, la kuibiwa bendera bila kuikodisha. Ndugu zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo walitoa taarifa IMO kwamba kati ya meli 84 zilizokuwa zikijitangaza kuwa za Congo, 73 zilikuwa zimesajiliwa kwa njia haramu. Kamati ya sheria ya IMO ililijadili suala hilo mwaka 2019. Matapeli walikuwa wamechapisha vyeti na kuvikusanyia fedha kwa jina la Kinshasa. Tapeli huchagua nchi ambayo anajua haina mtu wa kupokea simu.

Msomaji anaweza kusema hayo ni mambo ya walanguzi na marais. Basi atazame Rhosus. Meli hiyo kuukuu iliondoka Batumi, Georgia, Septemba 2013 ikiwa na tani 2,750 za amonia naitreti zilizokuwa zikipelekwa Beira, Msumbiji, mlango wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Ilipitia Beirut, ikakaguliwa, ikaonekana haifai kuendelea, ikazuiliwa. Mwenye meli akaitelekeza. Nahodha na mabaharia watatu wakalazimishwa kubaki ndani yake karibu mwaka mzima, bila mshahara, wakiuza mafuta ya meli ili wamlipe wakili. Shehena ikahamishiwa ghalani, na Agosti 4, 2020 ikalipuka na kuua zaidi ya watu 200. Rhosus ilikuwa na bendera ya Moldova, nchi isiyo na pwani ya bahari, yenye kipande kifupi tu cha ukingo wa mto Danube. Kwa mujibu wa kifungu cha 94, serikali ya wale mabaharia wanne ilikuwa Moldova. Walikaa miezi hiyo yote wakisubiri waokolewe, na waliookoa maisha yao ni mawakili wa Beirut na mahakama ya huko.

Sasa nirudi nyumbani. Si muda mrefu nilikuwa nikizungumza na wakala mmoja wa forodha hapa Kampala, mzee ambaye ameshughulika na makontena ya Mombasa tangu enzi za mabehewa ya Port Bell. Akaniambia, "Mwanangu, sisi kila siku tunalipa meli za watu. Kwa nini Uganda nayo isisajili meli ikala ada kama wenzake? Sheria si inaruhusu?" Nikamjibu kwamba sheria inaruhusu kweli. Kifungu cha 90 cha mkataba ule kinasema kila nchi, iwe na pwani au isiwe nayo, ina haki ya kuwa na meli baharini, na haki hiyo ilikwisha kutambuliwa tangu Azimio la Barcelona la mwaka 1921. Kikwazo si sheria. Nilimwuliza na mimi: Mzee, nani atakayezikagua?

Akacheka akasema, "Hapo umenishika." Hakuwa mjinga, wala wazo lake si la kipuuzi. Kizazi chake kinakumbuka wakati Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilipokuwa na shirika la pamoja la meli, lililoanzishwa miaka ya 1960 na kufa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na Ethiopia ipo kama mfano hai. Ilipoteza pwani yake yote Eritrea ilipojitenga mwaka 1993, lakini haikuuza shirika lake la meli lililokuwepo tangu 1964. Miaka ya mwanzo ya 2010 ilinunua meli tisa mpya kutoka China, ikazitumia kupitia Djibouti. Wafanyabiashara wa Addis Ababa hulalamika kwamba wamelazimishwa kutumia shirika hilo na kwamba ni ghali, na nadhani wana hoja. Lakini zile ni meli za Ethiopia kweli. Zinanunuliwa na Ethiopia, zinabeba mizigo ya Ethiopia, na Ethiopia ina chuo cha mabaharia huko Babogaya, kando ya ziwa, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Meli ikipata hitilafu inajulikana ni nani wa kupigiwa simu. Huo ndio uhusiano wa kweli, na haukuhitaji pwani.

Je, sisi tunazo dalili za kuwa na uwezo huo? Tuangalie ziwa letu. Mei 8, 2005 meli zetu mbili za mabehewa, MV Kabalega na MV Kaawa, ziligongana zenyewe kwa zenyewe katika Ziwa Victoria na Kabalega ikazama. Tulikuwa na tatu, zote mali ya serikali, na baada ya siku ile hazikubaki za kufanya kazi kwa miaka mingi. Mzigo wote ukahamia kwenye malori.

Halafu Novemba 24, 2018 ikazama MV Templar, boti ya starehe, karibu na ufuko wa Mutima wilayani Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Polisi walisema boti ilijaza watu kupita kiasi na haikuwa na leseni. Kumbuka mwaka ule ulikuwaje ziwani. Tangu 2017 askari wa jeshi walikuwa wakizunguka kutwa kucha wakipima mitumbwi ya wavuvi, na mtumbwi uliopungua futi 28 ulichomwa moto mbele ya mwenyewe. Serikali ilikuwa na mafuta, boti, bunduki na futi kamba ya kumpima mvuvi wa sangara. Boti chakavu iliyojaa watu, muziki ukisikika mpaka nchi kavu, ilipita. Sijawahi kuridhika na majibu niliyosikia juu ya hilo.

Mwaka 2021 tulipata sheria mpya ya usafiri wa majini, badala ya zile za kikoloni, na sheria hiyo inadai kila chombo kisajiliwe, kikaguliwe na kiendeshwe na mtu mwenye cheti. Nilifurahi ilipopita na bado naiunga mkono. Lakini karatasi za Spice Islander nazo zilikuwepo. Meli ile iliruhusiwa kubeba abiria wapatao 645. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Rais Ali Mohamed Shein ilihitimisha kwamba waliokufa na kupotea peke yao walizidi 1,500. Skagit nayo ilikuwa kivuko cha Marekani kilichoundwa kwa ajili ya maji yaliyotulia ya jimbo la Washington, kikauzwa na kuletwa kwenye mkondo wa Zanzibar wakati wa kusi, na kikapewa ruhusa. Abiria wake walipokata tiketi hawakuwa na namna ya kujua hayo. Kazi ya kujua ilikuwa ya mtu mwenye mhuri.

Kwa hiyo Bunge litakapojadili makadirio ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, ningependa wabunge wa majimbo ya ziwani waulize maswali machache ambayo hayahitaji utaalamu wa bahari. Nchi ina wakaguzi wangapi wa vyombo vya majini, na wangapi kati yao wana boti ya kuwafikisha Kalangala na Buvuma? Vyombo vingapi vya abiria vya Ggaba, Kasenyi, Port Bell na Masese vimekaguliwa mwaka huu, na vingapi vimezuiliwa? Wizara imetoa taarifa IMO kuhusu ni ofisi gani yenye mamlaka ya kutoa cheti kwa jina la Uganda, ili yule wa Dubai au Singapore akianza kuchapisha vyetu kama alivyochapisha vya Congo tujue mapema? Majibu yaletwe kwa tarakimu, na orodha ya vyombo vilivyokaguliwa ibandikwe pale pale kwenye gati, mahali ambapo anayekwenda kisiwani na mtoto mgongoni anaweza kuisoma kabla hajakanyaga boti.